Vikwazo Vimeondolewa, Mzigo Bado Uko Relini

Tarehe 23 Januari 1999 viongozi wa kanda walikutana Arusha wakakubaliana kusimamisha vikwazo vya kiuchumi walivyoiwekea Burundi tarehe 31 Julai 1996. Vilikuwa vimedumu miaka miwili na nusu kasoro wiki moja. Wengi wetu tunasema vikwazo "viliondolewa" Januari ile, na kwa mazungumzo ya kijiweni inatosha. Lakini neno lililopitishwa ni kusimamisha. Kilichofutwa hakirudi mpaka kitungwe upya, ila kilichosimamishwa kimeegeshwa tu, na aliyekiegesha bado anao ufunguo mfukoni.

Benki hulisoma neno hilo kwanza, kabla ya mfanyabiashara. Likisomeka "tumesimamisha", ofisa mikopo hujiuliza kama lori litafika kabla wakubwa hawajabadili nia, na jibu lake huonekana kwenye dhamana anayokudai. Ndiyo maana mizigo ya mwanzo baada ya vikwazo huwa ya watu wenye fedha taslimu, na mara nyingi watu hao ni walewale waliokuwa wakipitisha mali wakati wa vikwazo. Nitarudi kwao.

Jambo hili linatazamika vizuri ukiwa Dodoma. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tangu hapo karibu kila behewa la mzigo wa Burundi kutoka bandari ya Dar es Salaam limepita katikati ya mji huu. Malori nayo yanapita Nala kuelekea Bahi, Manyoni, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi hadi Kabanga, kwenye mpaka wa Burundi. Nchi jirani ikifungiwa biashara, hatuoni mpaka wenyewe. Tunachoona ni stesheni iliyopoa na maegesho yenye nafasi. Ikifunguliwa, hatuoni chochote kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo watu huanza kuuliza maswali.

Kwa walio wadogo, hadithi yenyewe kwa ufupi. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi la Burundi lilimpindua Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha Pierre Buyoya madarakani. Siku sita baadaye, kikao cha Arusha kikaamua kuifungia nchi hiyo biashara, mafuta na safari za ndege hadi mambo matatu yatimie: bunge lirudi, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo yaanze na pande zote bila masharti. Mawili ya kwanza Buyoya aliyatekeleza Septemba ya mwaka huohuo, angalau kwenye karatasi. La tatu ndilo lililosumbua. Mazungumzo ya pande zote yalianza Arusha Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, huku upande wa Buyoya ukilalamika kwamba msuluhishi anatoka katika nchi iliyoshika kufuli. Lalamiko hilo halikuwa la kipuuzi, hata kama hulipendi.

Vikwazo vile vilikuwa vya kanda. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 1072 la Agosti 1996, liliunga mkono juhudi za viongozi wa kanda, lakini halikuweka lenyewe marufuku ya biashara. Kwa hiyo kila nchi ilitekeleza kwa forodha yake, kwa polisi wake na kwa moyo wake. Ziwa Tanganyika ni refu na usiku ni mwingi. Kusini kuna bandari ya Mpulungu, Zambia, magharibi kuna Uvira ambayo kutoka Bujumbura unaiona kwa macho, na kuanzia Oktoba 1996 upande ule wa Zaire ulikuwa vitani, hakuna aliyekuwa akihesabu madumu. Mafuta yaliendelea kuingia Burundi kwa njia za panya, kwa bei ya njia za panya.

Somo kubwa zaidi kwa anayefanya biashara liko katika ulegezaji wa Aprili 1997, lakini halizungumzwi sana. Viongozi waliona mzigo unamwelemea mwananchi wa kawaida, wakaruhusu chakula, dawa, vifaa vya shule, vifaa vya ujenzi na pembejeo za kilimo. Mafuta yakabaki yamebanwa. Ukiisoma orodha ile ukiwa ofisini inaonekana ya huruma. Ukiisoma ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva unaona shimo lake mara moja: ukiruhusu mbolea ukazuia dizeli, umeruhusu mbolea ifike mpakani tu. Kutoka pale lori linahitaji lita kadhaa kupanda milima ya Muyinga, na lita hizo zinauzwa na mtu wa magendo. Bei ya mfuko wa mbolea shambani ikabaki na ushuru wa magendo ndani yake, ingawa mbolea yenyewe ilikuwa halali.

Kwa hiyo orodha ya vilivyoruhusiwa isomwe pamoja na orodha ya vitakavyovibeba: mafuta, vipuri, matairi, bima, fedha. Kimojawapo kikibaki kimefungwa, kilichofunguliwa kinachechemea.

Sasa Januari 1999. Tangazo limetoka. Kwa nini mabehewa hayakuanza kupita Dodoma wiki iliyofuata?

Kwanza, njia yenyewe. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 ziliipiga vibaya Reli ya Kati, hasa kipande kati ya Kilosa na Dodoma. Anayekijua kipande hiki anajua tatizo haliko kwenye vyuma. Reli ya zamani inafuata bonde la mto Mkondoa na Kinyasungwe kupitia Kidete, Godegode na Gulwe, kwa sababu wajenzi wa Kijerumani walifuata njia rahisi ya kupanda kutoka pwani kwenda uwanda wa juu. Miteremko ya Mpwapwa na Kongwa imekatwa miti na kulishwa mifugo miaka nenda rudi, udongo unashuka na kila mvua, mchanga unajaa mtoni na kina cha mto kinainuka. Daraja lililojengwa likiwa na nafasi ya kutosha chini yake linabaki na upenyo mdogo. Maji yakikosa pa kupita yanazunguka pembeni, yanakula tuta, na asubuhi unakuta reli inaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba. Desemba 2009 mafuriko yalifanya hivyohivyo na njia ikafungwa kwa miezi. Kuinua tuta peke yake hakusaidii kama mchanga nao unainuka kila mwaka.

Barabara nayo miaka ile haikuwa kimbilio. Lami ilikuwa ikiishia Dodoma. Kuelekea Manyoni na Singida ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Anayelalamika leo kuhusu foleni za mizani hajui lori lilivyokuwa likilala Bahi wiki nzima.

Pili, mabehewa. Behewa moja la reli ya zamani, ile yenye upana wa milimita 1,000, hubeba karibu tani 40. Shirika la reli haliwezi kuyaacha yakae kusubiri siasa, kwa hiyo nchi moja ikifungwa mabehewa hupewa kazi nyingine: Mwanza, Tabora, mzigo wa Kongo, mazao ya ndani. Siku ya kufunguliwa, yapo kazini kwa mtu mwingine, na mtu huyo ana mkataba. Kuyarudisha huchukua muda, na kunataka hesabu ya pande mbili. Behewa likipanda Kigoma na shehena likarudi tupu, nauli ya kupanda inabeba gharama ya kushuka. Burundi kinachoshuka ni kahawa na chai. Kahawa yao huvunwa kati ya Machi na Juni au Julai, kisha ikaushwe, ikobolewe, ipangwe madaraja, iuzwe, ndipo ipakiwe. Ukiondoa vikwazo Januari, mzigo wa kurudi wa maana hauko tayari mpaka nusu ya pili ya mwaka. Huo si uzembe wa mtu, ni kalenda ya mti.

Tatu, dhamana ya forodha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotelea.

Mzigo wa transiti hauilipi Tanzania ushuru, kwa kuwa hautumiki hapa. Lakini forodha haiwezi kuliachia kontena la vitenge litembee zaidi ya kilomita 1,200 ndani ya nchi kwa ahadi ya mdomo. Kwa hiyo wakala wa forodha anaweka dhamana, kwa kawaida kupitia benki au kampuni ya bima, yenye thamani ya ushuru na kodi ambazo zingelipwa kama mzigo ungebaki nchini. Kontena linapigwa sili, linatembea, na likivuka Kabanga ofisa anathibitisha kutoka kwake. Ndipo dhamana inaachiwa na kutumika kwa kontena jingine.

Chukua mfano wa kufikirika. Kontena moja linabeba ushuru na kodi za shilingi milioni 30. Wakala ana dhamana ya milioni 300. Maana yake anaweza kuwa na makontena 10 barabarani kwa wakati mmoja, basi. La 11 linasubiri bandarini, linakula tozo ya kuhifadhiwa, mpaka moja kati ya yale kumi livuke na karatasi yake irudi. Lori moja likikatika ekseli Shelui likakaa siku 20, sehemu moja ya kumi ya biashara ya wakala huyo imekaa pale na lile lori.

Sasa tangaza vikwazo ghafla. Makontena yaliyokuwa njiani hayavuki, hivyo dhamana zake hazifunguki. Mwenye mali anaambiwa ayarudishe, ayauze hapa nchini kwa kulipa kodi kamili, au ayaweke ghala la forodha yasubiri. Wengi husubiri. Miaka miwili baadaye vikwazo vikisimamishwa, tozo za ghala zimeshakaribia au kuipita thamani ya mali, sehemu imeshapigwa mnada, nyingine imeliwa na panya, na wakala bado ana faili lisilofungwa linalozuia sehemu ya dhamana yake. Mteja mpya anakuja na mzigo mpya, wakala hana pa kuuweka. Yule mteja anatoka ofisini akisema wakala ni mwizi. Wakala hajaiba kitu. Anasubiri mtu afunge mafaili ya 1996.

Kama kuna jambo moja ningewaomba wanaoandaa kuondoa vikwazo popote duniani, ni hilo: kifungu kimoja kwenye tangazo kinachosema mizigo na dhamana zilizokwama zitamalizwaje, na kwa tarehe gani. Matangazo mengi hayana kifungu hicho.

Turudi kwa watu wenye fedha taslimu. Vikwazo hutengeneza pengo la bei kati ya pande mbili za mpaka, na pengo hilo ndilo mshahara wa anayejua kulivuka, awe na kibali maalumu au mtumbwi wa usiku. Siku ya tangazo ana mali ghalani aliyoinunua kwa bei ya vikwazo. Kila lori halali linaloingia linamshushia thamani. Usishangae basi kusikia siku zile kwamba mpaka "una matatizo ya mtandao", au muhuri haujulikani uliko. Wakati mwingine ni kweli mtandao una matatizo. Wakati mwingine kuna mtu anamalizia kuuza.

Na huku kwetu kosa ni lilelile kila mara: kupakia kwa bei ya siku ya tangazo. Kutoka Dodoma hadi Kabanga ni zaidi ya kilomita 800. Bei unayoisikia kwenye simu leo ni ya vikwazo, ndiyo maana inatamanisha. Wameisikia pia Kahama, Shinyanga na Kigoma, na wa Kigoma wako karibu zaidi, wanapitia mpaka wa Manyovu. Mtu wa kanda ya kati ndiye anayefika wa mwisho, anashusha sokoni ambako tayari wamemwaga wengine. Mwenye busara huacha wimbi la kwanza lipite, au hupeleka kitu ambacho Kigoma na Kahama hawana: mafuta ya alizeti ya Singida, vitunguu, karanga.

Mfano wa karibu zaidi, na wenye mafundisho kwa soko letu la mahindi la Kibaigwa, ni wa Kenya. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka yao ya kilimo na chakula ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Malori yakapanga foleni mpakani Namanga. Tarehe 10 Machi zuio likaondolewa, siku tano tu, na watu wakashangilia. Waliosoma barua hadi mwisho hawakushangilia sana, maana zuio liliondoka likaacha masharti: waingizaji wajisajili, kila shehena iwe na cheti cha uasili kinachoonyesha ilikotoka, na iwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Mkulima wa Kongwa ambaye hajawahi kukanyaga Namanga alikuwa ameingizwa kwenye mtihani wa maabara bila kuambiwa.

Sumukuvu si siasa tupu, na sisi wa Dodoma ndio wa mwisho kusema kwamba ni siasa. Mwaka 2016 ilizuka sumu kali ya kuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chemba na Kondoa watu walikufa kwa kula mahindi yao wenyewe, yaliyotoka shambani kwao. Kwa hiyo kikomo kile kina sababu. Shida ni kwamba ni kidogo kiasi kwamba macho hayasaidii. Piga hesabu: sehemu 10 kwa bilioni ni mikrogramu 10 kwa kilo. Gunia la kilo 100 linaruhusiwa kuwa na miligramu 1. Lori zima la tani 30 linaruhusiwa miligramu 300, yaani pungufu ya kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500. Na sumu hiyo haijatandazwa sawasawa kama chumvi kwenye ugali. Iko kwenye punje chache zilizoota kuvu, labda kwenye magunia mawili yaliyokaa kona inayovuja.

Ndiyo maana shehena moja hupata majibu mawili, safi Dodoma na chafu mpakani, halafu kila upande unamtuhumu mwenzake kwa rushwa. Mara nyingi kosa liko kwenye bambo, kile chuma cha kuchomea gunia ili kuchota sampuli. Kijana anachoma magunia matano yaliyo karibu na mlango wa ghala, anachota juu juu, anajaza kimfuko cha nailoni, anakipeleka. Kanuni inayotumika kwa magunia zaidi ya 100 ni kuchukua kipeuo cha pili cha idadi: magunia 300 yanakupa 17 na ushee, kwa hiyo unachoma 18, yaliyochaguliwa bila kupendelea, kutoka mbele, kati, nyuma, juu na chini ya rundo. Bambo liingie kwa mshazari mpaka katikati ya gunia. Vyote vichanganywe, visagwe vyote kwanza, ndipo ugawe kidogo cha maabara. Ukigawa punje kabla ya kusaga, punje moja yenye kuvu inaweza kwenda upande wa kutupa, ukapata cheti kizuri cha mahindi mabaya. Sampuli ibebwe kwenye bahasha ya karatasi au mfuko wa kitambaa; nailoni ikikaa juani inatoa jasho na kuvu inaendelea na kazi yake njiani.

Unyevu ni mlango wa sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni asilimia 13.5 kwenda chini. Pale sokoni wengi wanapima kwa chumvi: chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, unatikisa, chumvi ikiganda ukutani mahindi ni mabichi. Kipimo hiki ni kizuri kwa kukataa, si kwa kukubali. Chumvi huanza kuganda unyevu ukipita kama asilimia 15. Mahindi ya asilimia 14.5 yatakupa chupa safi kabisa, utayashona kwenye magunia, utayafunika turubai kwa siku sita kuelekea mpakani, na yatakuwa yamepata joto la kutosha kuharibika. Kipima unyevu cha umeme si cha bei ya kutisha watu watano wakichangia. Nashangaa kuona mtu ananunua simu ya tatu kabla hajanunua hicho.

Karatasi nitazipitia haraka kwa sababu zinafahamika: kibali cha kusafirisha mazao nje kutoka wizara ya kilimo, cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), cheti cha uasili kutoka TCCIA (chemba ya wafanyabiashara). Shehena isiyozidi dola 2,000 inatumia cheti cha uasili kilichorahisishwa kinachotolewa palepale mpakani, na wachuuzi wengi hawakijui, wanaishia kumlipa mtu awapitishie mali kwa jina lake. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa hiyo mahindi yetu yenye cheti cha uasili hayapaswi kutozwa ushuru wa forodha kule. Bila cheti, ni mahindi ya mgeni. Kinachoharibu ni majina kutofanana: cheti kimoja kimeandikwa jina la kampuni, kingine jina la mwenye lori, ankara ina jina la shemeji. Kila karatasi ni halali peke yake, zikikaa pamoja zinakataliwa.

Mizani, sasa. Semi ya ekseli sita inaruhusiwa tani 8 mbele, 18 kwenye ekseli mbili za kichwa, na 24 kwenye tatu za tela, jumla tani 50. Gari tupu likiwa tani 18 au karibu na hapo, unabaki na 32 za mzigo. Magunia 300 ya kilo 100 ni tani 30, umepita na nafasi ya kupumua. Lakini gunia la lumbesa lina kilo 120 mpaka 130, na magunia 300 ya namna hiyo ni tani 36 hadi 39. Idadi ni ileile, dereva anaapa amepakia mia tatu tu, na ni kweli. Hata ukiwa ndani ya jumla unaweza kuzidisha ekseli moja: makuli hupenda kujaza mbele kwanza, ekseli za kichwa zinabeba 20 wakati za tela zina 22. Hapo utalazimika kupanga upya kando ya barabara kwa gharama ya makuli wa pale, ambao bei yao wanaijua na shida yako wanaiona. Panga kutoka katikati ya tela kwenda pande zote, na upime kwenye mizani yoyote ya karibu kabla hujaianza safari. Lumbesa ni haramu tangu zamani. Kikomo ni kilo 100 kwa gunia. Anayekulazimisha lumbesa Kibaigwa anakuandalia faini ya mbele.

Halafu kuna fedha, na hapa vikwazo vinaweza kuwa vimekwisha miaka mingi iliyopita na bado ukaumia. Burundi ya miaka hii ina upungufu mkubwa wa fedha za kigeni na mafuta. Mwaka 2025 dola kwenye soko la pembeni ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki. Mnunuzi atakuonyesha faranga nyingi, halisi kabisa, zenye thamani mbili kutegemea unazibadilishia wapi. Ukikubali bei kwa faranga ukadhani utabadilisha kwa bei ya benki, hakuna benki itakayokupa dola hizo. Ukibadilisha barabarani, unapata nusu. Patana kwa shilingi ya Tanzania, chukua malipo ya sehemu kubwa kabla sili haijapigwa, na dizeli ya kurudi ibebwe kwenye tenki la lori kutoka upande wetu. Dereva aliyeishiwa mafuta ng'ambo anageuka kuwa mteja wa watu walewale wa mwaka 1997.

Reli mpya itabadilisha baadhi ya haya. Abiria walianza kusafiri kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024 (miaka 28 kamili tangu mapinduzi ya Buyoya, ingawa sidhani kuna aliyekusudia), na mpango wa kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, upo kwenye mkataba. Tuta jipya limewekwa mbali zaidi na ghadhabu za Kinyasungwe. Dhamana, unyevu na majina ya kwenye vyeti havitabadilishwa na upana wa reli.

Neno la mwisho linalopaswa kutafutwa kwenye tangazo lolote la kufungua biashara ni tarehe, na kwa usahihi zaidi, tarehe ya nini. Likisema "kuanzia tarehe 1", je, ni tarehe ya kupakia, ya kusajili nyaraka kwenye mfumo wa forodha, au ya gurudumu kufika getini? Ofisi tatu zinaweza kukupa majibu matatu. Lori lililopakiwa tarehe 29, likasajiliwa tarehe 30, likafika tarehe 2, ni halali kwa jibu moja na ni magendo kwa mengine mawili. Piga simu Kabanga, uliza mwenye zamu, kisha omba jibu hilo kwa barua pepe kabla makuli hawajapandisha gunia la kwanza.